Mshono wa Tenti Nyeupe: Maelezo ya Mbula Ndambuki

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, Thika
Tarehe: Jumatatu, 18 Novemba 2024
Muda wa kuanza: Saa 1:35 asubuhi
Jina: Mbula Ndambuki
Jinsia na umri: Mwanamke, miaka 53
Kazi: Mfuaji na mtunza stoo wa tenti za kukodisha
Makao: Gitothua, Ruiru
Lugha: Kiswahili
Anayeandika: Koplo Philip Obiero

Mimi ndiye mwenye jina lililoandikwa hapo juu. Ninaishi Gitothua, Ruiru, pamoja na binti yangu Ndanu. Tangu mwaka wa 2010 nimefanya kazi kwa Bwana Gachau, ambaye anakodisha tenti, viti na meza kwa watu wenye harusi, matanga, ruracio na mikutano ya kanisa. Stoo yake iko Gitothua, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Kazi yangu ni kufua tenti zikirudi, kuzikausha, kushona palipofumuka, kuzikunja na kuziweka stoo. Ufunguo wa stoo ninao mimi.

Naomba iandikwe kwamba kazi hii naijua. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema ili ijulikane kwamba nilichofanya sikukifanya kwa kutojua.

Tenti ikirudi haioshwi mara moja. Unaitandaza kwanza, udongo ukauke, uufagie kwa ufagio laini, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukiusugua ukiwa na maji unaingia ndani ya kitambaa na hautoki tena. Halafu unaosha kwa sabuni ya kipande na brashi laini, unasuuza mara mbili, unaianika pande zote mpaka hata mishono iwe mikavu, maana mshono ndio unaochelewa. Ukikunja usifuate mikunjo ya juzi, la sivyo kitambaa kitapasuka palepale. Unaiweka juu ya mbao, mbali na ukuta, na kamba zake unazitundika kando. Bwana Gachau alinifundisha haya wiki yangu ya kwanza, na akanikataza mambo mawili. Tenti yenye maji isilale stoo. Na blichi isiguse tenti hata siku moja, kwa sababu kitambaa kitavumilia lakini uzi wa nailoni uliokishona utaoza. Maneno hayo nimewafundisha wengine. Kuna watu nimewafokea kwa maneno hayohayo mpaka wakaacha kazi.

Kiama, ambaye anazuiliwa hapa kituoni tangu Jumamosi, ndiye fundi wetu wa kusimamisha tenti. Tumefanya kazi pamoja miaka yote hiyo kumi na minne. Ana desturi moja ambayo wenzetu huichekea. Kabla tenti haijatoka, anaitundika kwenye vyuma vilivyo uani, anaingia chini yake jua likiwa kali, na anapitisha kidole gumba kwenye kila mshono, akivuta kila baada ya shubiri moja. Panapopenya mwanga anatia alama ya chaki, na mimi nashona. Inamchukua saa mbili kwa tenti kubwa. Nilizoea kumtania kwamba hata mke wake hajawahi kuangaliwa hivyo. Yeye hunijibu, "Mke wangu hawekwi juu ya vichwa vya watu."

Naweza kukumbuka kwamba mnamo Ijumaa tarehe 8 Novemba, tenti yetu nyeupe ya watu mia moja ilikuwa kwenye mazishi huko Kalimoni. Sisi wenyewe tunaiita Bibi Harusi, ingawa imekwenda matangani mara nyingi kuliko harusini. Mvua ilianza saa nane mchana na haikuacha. Lori lilirudi Gitothua saa kumi na moja jioni, na tenti ikashushwa imekunjwa na maji yake yote. Nilisema nitaifungua kesho. Jumamosi nilikuwa Murera na mapazia ya harusi kutwa nzima. Jumapili nilikuwa kanisani, na baada ya kanisa nilikuwa na kikao cha chama cha akina mama. Jumatatu ilinyesha. Kila siku nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli, na tenti ilikuwa imelala na maji.

Niliifungua Jumanne tarehe 12, saa tatu asubuhi. Harufu ilinipiga kabla sijaiona. Madoa meusi ya ukungu yalikuwa yamefuata mishono yote, hasa mshono mkubwa wa katikati ya paa. Nilisugua mpaka saa tisa alasiri. Udongo ulitoka, ukungu ukabaki. Sikumwambia mtu.

Mnamo Jumatano tarehe 13, saa nne na nusu asubuhi, alikuja Bi. Gathoni kutoka Ngoingwa, Thika. Bintiye Maggie alikuwa na ruracio Jumamosi, yaani wageni wa upande wa mume walikuwa wanaleta mahari. Mama wa bibi harusi huja kuangalia tenti mapema, hiyo ni kawaida. Na kila anayekuja huuliza kama tenti imetoka matangani, na sisi husema hapana. Watu wote wa tenti husema hapana, na wateja wanajua hivyo, lakini wanataka tu kulisikia neno hilo. Huyu hakuuliza kama wengine. Alishika pindo, akaliangalia, akaniangalia mimi.

Akasema, "Mama, hii si ilikuwa kwa matanga?"

Nikasema, "Ni ukungu kidogo tu. Unatoka."

Akasema, "Haki mimi siwezi weka wazee chini ya hii kitu. Watasema tumewafanyia makusudi. Kama hamna safi niambie saa hii nitafute kwingine."

Nikamjibu, "Jumamosi utaikuta nyeupe mpaka uulize kama ni ile."

Nilisema hivyo kwa sababu ya jinsi alivyoniangalia, kama mtu asiyejua kufua. Mimi nina mdomo mwepesi nikiguswa hapo. Yeye aliondoka ameridhika, na mimi nikabaki na ahadi na tenti yenye madoa.

Siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, nilikwenda kwenye duka la sabuni za kupima, nikapimiwa lita tano za blichi kutoka kwenye mtungi usio na maandishi yoyote. Aliyenipimia aliuliza kama nafua mashuka. Nikasema ndiyo. Nilirudi stoo, nikajaza hodhi la saruji, nikamimina blichi yote, nikazamisha paa la tenti. Nilipanga kuliacha saa moja. Saa ilipokwisha madoa yalikuwa yamefifia lakini bado yalionekana. Nikasema acha yaendelee. Nilifunga stoo saa kumi na mbili nikaenda nyumbani, na tenti ilikaa ndani ya ile dawa mpaka saa tano asubuhi ya Alhamisi.

Ilitoka nyeupe. Nakiri kwamba nilifurahi, hata niliimba. Maji ya mfereji yalikuwa yamekatika, kama ilivyo kila Alhamisi mtaani kwetu, kwa hivyo nilisuuza mara moja tu kwa maji yaliyobaki kwenye tangi. Nikaianika. Saa tisa alasiri nilipoanza kukunja, niliona kwamba uzi wa mshono mkubwa umegeuka rangi, umekuwa manjano. Nilivuta ncha yake, ikakatika. Nikavuta mahali pengine, ukakatika kama tambi iliyoiva.

[Hapa nimemkatiza shahidi. Nimemwonya kwamba anachosema kinaweza kutumiwa dhidi yake, kwamba halazimiki kuendelea, na kwamba anaweza kutafuta wakili. Amesema ameelewa na anataka kuendelea. Ameomba maji ya kunywa, nimempa. – P.O.]

Nilichukua sindano na uzi mpya. Nilishona pindo la mbele, pale wageni wanapoingilia. Nilishona mahali panapoonekana. Mshono wa katikati ya paa una urefu wa mita kumi, na ungetaka watu wawili na siku nzima, na ningelazimika kueleza kwa nini. Nilijiambia utavumilia siku moja, halafu Jumatatu nitaushona polepole na hakuna atakayejua. Ningeweza kumpigia Bwana Gachau simu. Tenti nyingine ya watu mia moja ilikuwepo, ya rangi ya maziwa, kavu, juu ya mbao zake. Ningesema tu, tumpe Bi. Gathoni hiyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, afande, kwamba jibu lilikuwa hatua nne kutoka mahali nilipokaa na sindano yangu.

Mnamo Ijumaa tarehe 15, saa tatu asubuhi, Kiama alirudi kutoka kazi ya siku tatu Gatundu. Aliiona tenti, akapiga mluzi.

Akasema, "Sasa, Mama Ndanu! Wacha hiyo. Umeifanya nini hii?"

Nikasema, "Nimeifua. Wewe unadhani huwa nafanya nini hapa?"

Alicheka, akaanza kuitundika kwenye vyuma ili aikague kama kawaida yake. Nikamwambia, "Hiyo iache. Nimeikagua mimi mwenyewe, mshono kwa mshono."

Alikuwa ameshika pindo mkononi. Alilileta puani. Akaniuliza, "Na hii harufu?"

Nikasema, "Ni sabuni mpya."

Alisimama kidogo na lile pindo. Sijui aliwaza nini. Halafu akasema, "Sawa basi. Kama ni wewe umekagua, imekaguliwa." Akaishusha, tukaikunja pamoja, yeye upande ule na mimi upande huu. Mazungumzo hayo yote hayakumaliza dakika mbili.

Siku hiyo saa kumi alasiri Kiama na Bwana Gachau walikosana. Nilikuwa stoo na niliwasikia vizuri. Kiama alimwambia kwamba mwezi wa Desemba ataondoka, aanze tenti zake mwenyewe Murera pamoja na shemeji yake. Bwana Gachau alisema, "Nimekufunza kazi ndio uende na wateja wangu?" Kiama akasema, "Mzee, si kwa ubaya. Na mimi pia natafuta." Bwana Gachau aliingia kwenye gari bila kuaga. Hakukuwa na matusi wala vitisho kutoka kwa yeyote. Kiama hakuigusa tenti tena siku hiyo. Stoo niliifunga mimi saa kumi na moja, ufunguo ukalala kwangu.

Mnamo Jumamosi tarehe 16 tulifika kwa Bi. Gathoni, Ngoingwa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulisimamisha tenti tatu. Nyeupe iliwekwa katikati, kwa ajili ya wazee wa pande zote mbili. Kiama ndiye aliyepima mwinamo wa paa na kukaza kamba, na vigingi alivigongelea yeye mwenyewe. Saa tatu kasorobo kila kitu kilikuwa tayari. Niliangalia kazi yake kwa macho yangu na sikuona kosa.

Bi. Gathoni alinipa mkono mbele ya watu. Mama yake mzazi, nyanya wa miaka themanini na moja ambaye kila mtu pale alimwita Cucu, aliletwa na kukalishwa safu ya mbele, upande wa kushoto. Aliinua macho akaangalia paa kwa muda mrefu. Akauliza, "Hii imeoshwa na nani?" Nilikuwa nafunga pazia karibu naye. Nikasema, "Ni mimi, Cucu." Akanishika kiganja akakigeuza akakiangalia. Akasema, "Ĩĩ, hii mikono inajua kazi." Siku nzima ile, hapo tu ndipo nilipokubali mbele ya mtu kwamba tenti ile niliiosha mimi.

Mvua ilianza saa tisa na dakika ishirini alasiri, watu wakiwa wamekula na wazee wakiwa wanaongea. Ilikuwa mvua ya mawe mwanzoni, halafu maji matupu. Maji yalijikusanya juu ya paa upande wa kushoto. Hilo hutokea hata kwenye tenti iliyofungwa vizuri, na dawa yake ni kusukuma paa kutoka chini kwa ufagio uliofungwa kitambaa, maji yamwagike nje. Kiama alisukuma mara ya kwanza, yakamwagika. Mara ya pili, yakamwagika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, nikiuangalia ule mshono. Nilikuwa na uwezo wa kupiga kelele nikasema, tokeni. Nilifungua mdomo. Niliona wageni wamependeza, Maggie amependeza, na Bi. Gathoni anacheka na wakwe zake, nikaufunga.

Kiama aliposukuma mara ya tatu, mshono wa katikati ulifunguka kutoka mwanzo hadi mwisho. Maji yalishuka yote kwa pamoja. Kitambaa cha kushoto kilipoachana na cha kulia, hakukuwa na kitu cha kuvuta upande ule, kamba zikalegea, na chuma cha pembeni kikaanguka ndani. Watu walikimbia. Cucu hakuweza kukimbia. Chuma kilimwangukia kwenye paja. Kiama ndiye aliyefika kwanza na kukiinua. Mimi nilifika wa pili. Cucu alikuwa analia kwa Kikuyu akimwita mama yake, mtu wa miaka themanini na moja. Alipelekwa hospitalini kwa gari la mgeni, saa kumi kasoro dakika kumi. Nimeambiwa paja limevunjika na kwamba atafanyiwa upasuaji. Sijakwenda kumwona. Nimeshindwa.

Bwana Gachau alifika saa kumi na dakika arobaini. Uzi ukioza hukatika wote kwa mstari mmoja, kwa hivyo lile pengo lilikuwa limenyooka kama limepitishwa wembe. Aliliangalia, akainama, akaliangalia tena. Akasema kwa sauti, "Hii imekatwa." Halafu akamwambia Kiama, "Jana unaniambia unaenda zako, leo tenti inakatika. Unaniona mjinga?" Kiama alikuwa amelowa chapachapa, na damu ya Cucu ilikuwa kwenye mkono wa shati lake.

Simlaumu Bwana Gachau. Mtu aliyeona pengo lile, na kusikia aliyosikia Ijumaa, angewaza hivyo. Na aliyekuwa na habari nyingine nilikuwa mimi.

Maafisa wawili wa polisi walifika saa kumi na moja na robo. Walimpekua Kiama wakapata kisu kwenye mfuko wa aproni. Kisu hicho ni cha kukatia kamba, kila fundi wa tenti anacho. Mmoja wa maafisa akatuuliza sisi wafanyakazi tuliokuwepo, "Nani aliikagua hii tenti kabla haijaletwa hapa?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nimekumbatia pazia lililolowa. Sikusema kitu. Kiama akasema, "Fundi ni mimi." Hakusema zaidi ya hapo. Walimfunga pingu wakampandisha gari, na tenti wakaichukua kama kielelezo. Mimi nikakusanya viti.

Jumapili tarehe 17 nilikwenda kanisani nikakaa nyuma. Sikuweza kuimba. Ndanu aliniuliza kama mimi ni mgonjwa, nikamwambia ni mgongo. Mchana alinipikia, na chakula kikanishinda. Nilijiambia watamwachilia tu kwa sababu hawana ushahidi. Baadaye nilijiambia nikisema nitafutwa kazi, na katika umri huu nani ataniajiri. Nilijiambia mengi. Uongo niliomwambia Kiama ulichukua nusu dakika, na mimi nilikuwa nimeshatafuta njia ya kuutetea siku nzima.

Leo saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Kui, mke wa Kiama, alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa amebeba chupa ya chai na shati kwenye mfuko wa karatasi. Akasema Kiama atapelekwa kortini leo saa tatu, kwa kosa la kuharibu mali na kumjeruhi mtu. Akasema, "Mama Ndanu, twende na mimi. Hakuna mtu anajua kazi ya Kiama kama wewe. Wewe ukiwaambia vile yeye hukagua, watakuskiza. Mimi ni bibi yake, wataona nadanganya."

Nikasema ngoja nivae.

Nilipokuwa navaa, alilitoa lile shati akaniuliza kupitia pazia, "Nimelifua mara mbili hii usiku lakini sioni vizuri na taa. Niangalilie kola. Wewe ndiye unajua usafi." Nikaliangalia. Nikamwambia ni safi.

Njiani kutoka Ruiru hakunyamaza. Alinieleza kwamba Kiama hula nyumbani akinitaja. Kwamba tenti za Murera, ule mpango wake na shemeji yake, alisema hawezi kuzianza bila kuniuliza kwanza kama nitakuja kuwa mtunza stoo wao. Alikuwa anangoja Desemba ndipo aniambie. Kui aliniambia hayo akiwa ameshika mkono wangu, na aliushika mpaka tukafika hapa.

Nitasema ukweli wote kwa sababu nimekwisha kuanza. Nilipoingia langoni nilikuwa nimeamua kusema yale tu aliyoniomba Kui: Kiama ni mtu mzuri, hukagua kazi yake, hajawahi kukata tenti. Yote ni kweli, na yangekuandikia ukurasa mzuri. Halafu nikapita pale uani mnapoweka vielelezo. Tenti imewekwa chini ya paa la mabati, imevingirishwa kwenye nailoni, na maji bado yamo ndani. Nilisimama. Nilitaka kukuomba ruhusa niitandaze ikauke, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichonijia kichwani. Miaka kumi na minne ya kukausha tenti za watu. Nikaona aibu ya ajabu, kwamba naihurumia tenti na kuna mtu yuko seli.

Kama hamniamini, nendeni mkaangalie mshono wa upande wa nyuma, ambao haukufunguka Jumamosi na ambao hakuna mtu aliyeugusa tangu hapo. Uvuteni kwa vidole. Kiama hakukata kitu. Kisu chake hakijaikaribia tenti ile. Iliozeshwa na mimi, kwa lita tano za blichi, kwa sababu niliacha kuianika siku nne na kwa sababu mama mmoja aliniangalia vibaya. Na haikukaguliwa kwa sababu mimi nilisema nimeikagua.

Ninajuta. Najua neno hilo haliungi paja la mtu. Nitakwenda kwa Cucu leo, kama nitaruhusiwa kutoka, na kama nitazuiliwa, naomba mtu amwambie ni nani. Naomba pia jambo moja: Kui yuko pale nje kwenye benchi na anadhani nimekuja kumsifu mume wake. Naomba nimwambie mimi, kwa mdomo wangu, kabla hajasikia kwa mwingine.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Koplo Obiero amenisomea yote kwa Kiswahili, nimeyasikia, na ni yangu. Hakuna aliyenilazimisha wala kuniahidi chochote.

Sahihi: M. Ndambuki
Muda wa kumaliza: Saa 2:50 asubuhi

MAELEZO YA AFISA

Nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi kwa Kiswahili, nikamsomea, akatia sahihi mbele yangu.

Saa 2:55 asubuhi, mbele yangu na mbele ya mkuu wa zamu, kielelezo kilifunguliwa uani. Mshono wa nyuma, uliokuwa mzima, ulifunguka wote ulipovutwa kwa vidole viwili. Uzi ni wa manjano na unapukutika. Harufu ya blichi ingali ipo. Sampuli ya uzi imechukuliwa na kutiwa kwenye bahasha. Mkuu wa zamu ameagiza mshukiwa asipelekwe kortini leo, na mlalamishi, Bw. Gachau, ameitwa kwa simu. Uamuzi kuhusu shahidi utatolewa baada ya faili kusomwa. Ameambiwa asitoke eneo hili bila kutoa taarifa.

Shahidi aliruhusiwa kuzungumza na Bi. Kui kwenye benchi saa 3:05. Sikusikia walichosema. Bi. Kui alisimama, akaja dirishani kwangu, akauliza kama ni kweli mume wake anarudi nyumbani leo. Nikamwambia ndiyo. Alirudi nje, akaketi chini kwenye nyasi, mbali na benchi.

Kiama alitolewa seli saa 3:20 akaelezwa yaliyomo katika maelezo haya. Alisema siku ya Ijumaa alisikia harufu ya blichi kwenye pindo. Nilimuuliza kwa nini basi hakuikagua tenti, na kwa nini amelala seli siku mbili bila kusema. Amejibu, na ninaandika alivyosema: "Afande, Mama Ndanu hajawahi kunidanganya miaka kumi na minne. Nilidhani ni pua yangu imekosea."

Koplo Philip Obiero
18/11/2024, saa 3:30 asubuhi